Z Chini ya Kitambaa

Kilichomvutia Nyawal kwanza ni ua jekundu kwenye kitambaa. Alilitarizi mwenyewe, akaliuza sokoni, na sasa lilikuwa mapajani pa mama asiyemjua, ndani ya gari la kutoka Lodwar kwenda Kakuma, limefunika kisanduku cha kuhifadhia filamu.

"Mama Adut, hiyo Z yako itanifungia ukumbi wa filamu," alilalamika Kasongo, jirani wa yule mama. Kisanduku kilikaa nyumbani kwa Adut, waya ukapenya ukutani, na kwenye kompyuta ya Kasongo kikajionyesha kama herufi Z. "Jana kwenye filamu bwana harusi aliinua mguu aingie kanisani. Watu wakanywa chai wakamaliza, mguu bado uko hewani! Wote wamehamia ukumbi wa pili."

"Kompyuta yako ndiyo imezeeka, baba. Kwa fundi si umeona kikikimbia kama mbuni?"

"Kwa fundi kinakimbia, kwako kinatambaa. Unakilisha nini?"

"Nakitunza kuliko mume! Usiku na mchana nimekifunika, vumbi lisikiguse. Kinachemka kama birika, lakini ni kisafi. Na kitambaa chenyewe, hebu tazama! Aliyekitarizi, Mungu ambariki mikono."

Nyawal aliinamisha uso, tabasamu lisionekane. Haya ilimfunga mdomo, na zile sifa zikaongeza kufuli.

Walipofika Kakuma, wawili wale walishuka wakibishana, Adut akikaza fundo la kitambaa.

Maneno ya Nyawal yalibaki garini, nayo ni haya: "Mama, kifunue kisanduku kipumue. Kitambaa kitandike mezani, wageni wakione."