Mkasi Uliokata Gizani

Kwach. Kwach. Kwach.

Wasikilizaji wapendwa, huo ni mlio wa mkasi. Umeme umekatika saa moja na nusu jioni, nyumba nzima giza totoro. Fundi simu yuko jikoni, anapapasa kutafuta kiberiti. Sebuleni, mama yake anaendelea kukata karatasi. Hakusita hata kidogo.

"Moyo ulinilipuka," fundi simu ameniambia. "Nikamwita, 'Mama, unakataje na giza lote hili?' Akaniuliza, 'Giza gani?'"

Giza gani.

Leo tunamkumbuka mama huyo, karani mstaafu wa shule, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Karatasi. Ametutoka mwezi uliopita, na miaka yake sitini na minane. Alipostaafu alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya karatasi. Binti yake, huyo fundi simu, alimchapishia michoro kwenye karatasi ngumu. Yeye alikata, akakunja, akapaka gundi kwenye vile vijisikio vyeupe vya pembeni, mara gari la zimamoto hilo hapo mezani. Mjukuu wake wa kike, ana miaka saba, ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Siku ya kwanza mtoto alivikata vijisikio vyote akidhani ni takataka.

"Haya, mke mwenzangu," bibi akasema, "umeshona shati, vifungo umetupa."

Kisha siku moja akatoa twiga mweupe pe. Madoa yote yalikuwa ndani. Alikuwa amemkunja kinyume.

"Bibi, twiga wako kavaa nguo nje ndani!" majirani wakacheka.

"Huyu ametoka kuoga," akajibu.

Hata mimi ningecheka. Kumbe hakuwa anauona upande wenye rangi.

Aliyejua ni mjukuu peke yake. Kila alasiri alipitisha kalamu iliyokwisha wino juu ya mistari, akikandamiza, ili bibi aifuate kwa ncha ya kidole.

"Usimwambie mama yako. Atanipokonya mkasi, halafu atanipokonya na wewe."

Miezi minane, wasikilizaji wapendwa. Mtoto wa miaka saba alitangulia mbele ya bibi yake akisogeza viti, roho mkononi, mdomo kaufunga.

Baada ya jioni ile ya mkasi walikwenda hospitali. Ilikuwa presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi. Huanza kula pembeni, kidogo kidogo, mpaka kibaki kitundu, kisha nacho kinafumba. Kilichopotea hakirudi. Lakini ukiwahiwa, dawa ya matone huuzuia. Daktari akasema na jambo jingine, nami nalirudia: ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Watoto wa mgonjwa wapimwe. Watoto wa mgonjwa wapimwe.

Bibi Karatasi alikosa ngazi moja ya mlangoni, asubuhi, jua linawaka. Moja tu, akaanguka, hakuamka tena.

Fundi simu na binti yake wako nami hapa studioni. Nimemuuliza mama mtu kama alikwenda kupimwa. Huyu kutwa anafungua skrubu ndogo kama punje ya sukari. Macho ndiyo ugali wa nyumba ile, tuseme.

"Nimeshapimwa, dada," amenijibu, huku akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Niko salama."

Tumshukuru Mungu.

Kwenu wafiwa, poleni sana. Machozi yenu tunayo nasi huku. Na wewe uliyetega sikio, mimi nina mtoto mchanga, najua jinsi mtu anavyoweza kuliogopa jibu mpaka asiulize swali. Hebu jiulize usiku huu: unaficha nini, na nani anakusaidia kukificha? Bado kuna muda. Naamini hivyo.

Sasa namsogezea mjukuu kipaza sauti amuage bibi yake. Sema, mwanangu, usiogope. Mbona unamtazama mama?

"Mama hajapimwa."