Kola ya Jumatatu

Basi lilikuwa na viti vitupu tele, lakini mama mwenye futi ya fundi cherehani shingoni alikwenda kukaa na nesi aliyetoka zamu ya usiku, macho mekundu kwa usingizi.

“Samahani, kaka. Mbwa wangu alipasuliwa uvimbe tumboni. Sasa Jumatatu tatu zilizopita, kila nikirudi kutoka kazini nakuta kidonda kimefumuka. Nguo yangu haijawahi kufumuka miaka ishirini! Yule daktari wa mifugo anashona na nini?”

“Anajilamba,” nesi alijibu, macho kayafumba.

“Atajilambaje? Ana kola ya plastiki, mdomo haufiki. Nakisafisha asubuhi na jioni, kaka, nimechoka mpaka mume wangu anauliza kama nimeolewa na mbwa.”

Nesi akafumbua jicho moja. Plastiki ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa fundi. “Na hiyo?”

“Si ndiyo kola yenyewe! Inamkwaruza shingo, maskini. Kila Jumatatu naenda nayo kazini kuibadilishia kitambaa laini ukingoni, jioni namvalisha.”

Nesi alimtazama. Nami, kwenye kiti cha nyuma yao, nilimtazama, ingawa sikuulizwa. Basi likasimama.

“Leo huyo daktari atanitambua,” alisema fundi, akashuka na kola yake kwapani.