Obdulia Fierro, Mwanamke Aliyefunga Maji ya Tolivar

Marehemu Obdulia Fierro Casado alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 hapa hapa Tolivar, katika milima ya León, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Herminio Fierro na mama Práxedes Casado. Theluji ya siku ile ilifika madirishani, na mkunga aliletwa amekalishwa juu ya punda. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa pekee, Eutimio, ambaye ndiye anayeusoma. Ameuandika kwa sababu marehemu alimwagiza, si kwa sababu walikuwa wakipatana. Kila aliyesimama kando ya kaburi hili analijua hilo, na hakuna maua ya kulifunika.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1944 hadi 1950, kwa mwalimu Leónides, akawa wa kwanza katika hesabu kila mwaka. Enzi hizo baraza la kijiji lilikutana Jumapili baada ya misa, kibarazani pa kanisa, wanaume peke yao. Siku moja ya Oktoba 1948, wakati wanaume wakichota karatasi za kura ili kugawana mafungu ya kuni, Obdulia, mtoto wa miaka kumi, alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo. Ghafla akapaza sauti: “Karatasi ile imekunjwa pembe! Anaitafuta kwa kidole!” Wanaume wakamfukuza kama kuku. Lakini karatasi zilipofunguliwa, moja ilikuwa na pembe iliyokunjwa, na kura ikarudiwa. Jioni baba yake alimpiga vibao viwili. “Cha kwanza ni kwa kusema mbele ya wanaume,” alisema. “Cha pili ni kwa sababu umesema kweli, na sasa itanibidi niishi na watu hawa.” Marehemu alipenda kusimulia kisa hiki, na kila mara alikuwa akisema kwamba cha pili ndicho kilichouma.

Tarehe 12 Oktoba 1963 alifunga ndoa na Laurentino Getino, mchimba makaa ya mawe wa bonde la pili, mtu mpole, mcheshi, ambaye hakuna aliyewahi kumchukia. Walijaliwa binti mmoja, Visitación, mwaka 1966. Tarehe 21 Machi 1979 mwamba ulimwangukia Laurentino mgodini. Obdulia alivaa nguo nyeusi akiwa na miaka arobaini na mmoja, wala hakuzivua tena. Kwa desturi yetu mjane ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana sauti barazani. Ndivyo alivyopata haki ya kukaa pale alipofukuzwa utotoni.

Mwezi Mei 1983 wanaume wa Tolivar waligawanyika makundi mawili, kila kundi likiapa kwamba mgombea wa kundi la pili hatakuwa mwenyekiti ila kijiji kiungue kwanza. Ndipo Saturnino Prado, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, akatoa wazo lake. “Tumpe mjane,” alisema. “Yeye apige kengele na kutuchemshia kahawa. Kuamua tutaamua wenyewe.” Watu wakacheka, wakainua mikono. Jumapili iliyofuata Saturnino alichelewa dakika ishirini, akakuta kikao kimeanza, jina lake limeandikwa miongoni mwa waliokosa, na kahawa hakuna.

Kazi ya baraza ilikuwa na majira yake, na kwa miaka ishirini marehemu hakuruka hata moja. Januari alisoma kumbukumbu za mwaka mbele ya wote, jina kwa jina: nani alikosa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, nani aliacha ng'ombe wake wakaingia kwenye majani ya wenzake. Aprili, kusafisha mfereji, kilomita nne kutoka chemchemi hadi bustani za chini, kila nyumba ikitoa mtu mmoja. Mei, zamu za kuchunga mlimani. Toka Juni hadi Septemba, zamu za maji. Oktoba, kura za kuni, na karatasi alizikata mwenyewe. Kila msimu ulimzalia maadui wapya.

Mwaka 1986 Saturnino alimtuma mama yake mzazi kwenye msaragambo wa mfereji. Obdulia alimkalisha bibi yule juani, akampa mkate na soseji, kisha akaenda kugonga kwa Saturnino.

“Nimetuma mtu!” Saturnino akasema. “Sheria inasema mtu mmoja kila nyumba.”

“Umetuma ajuza wa miaka themanini na miwili. Mimi nataka mtu wa kushika koleo.”

“Basi ndiye niliyenaye.”

“Kumbe. Basi ng'ombe nao nitawaandika kwa jina lake, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba.”

Saturnino alikwenda mferejini, lakini tangu siku hiyo alimwita mchawi mwenye kengele, na alimwita hivyo akiwa mlangoni pa kanisa.

Kiangazi cha 1989 mvua ilikatika mapema na chemchemi ikapungua hadi kuwa nyembamba kama mkono wa mtoto. Jumapili tarehe 18 Juni baraza lilikubaliana kwamba atakayechukua maji nje ya zamu yake atafungiwa hadi mwisho wa kiangazi. Hakuna aliyepinga. Eutimio aliinua mkono wake wa kulia, na watu wote walimwona.

Jumapili tarehe 6 Agosti, baada ya chakula cha mchana, kijiji kimelala, Eutimio alifungua banio la mfereji, maji yakaingia shambani kwake. Zamu yake ilikuwa Jumanne. Maharagwe yake yalikuwa yamejikunja na majani ya ng'ombe yamekuwa rangi ya kamba. Hakuwa na shida na mtu. Alikuwa na ng'ombe saba na mke mjamzito. Lakini alijua zamu ile ni ya nani, na hawezi kusema leo kwamba hakujua. Mke wa Saturnino alimwona kutoka dirishani. Haikupita nusu saa, Obdulia akaja na mnyororo na kufuli.

“Toka hapo, Eutimio.”

“Dada, nusu saa tu. Hebu yatazame majani haya.”

“Nimeyatazama.”

“Ni maji ya Saturnino! Anayekuita mchawi mbele za watu! Huyo ndiye wa kumlinda?”

“Nalinda zamu yake.”

“Na mimi je? Tumenyonya ziwa moja mimi na wewe!”

“Ndiyo maana nimekuja mwenyewe,” alisema. “Mwingine ningemtumia barua.”

Alipitisha mnyororo kwenye banio akalifunga. Eutimio alimwambia, “Kuanzia leo sina dada.” Yeye akajibu, “Sawa. Lakini Aprili uje na koleo.”

Kufikia tarehe 20 Agosti maharagwe yalikuwa yamekauka, hata ya mbegu hayakubaki. Ng'ombe wanne waliuzwa kwenye gulio la Septemba. Amparo, mke wa Eutimio, alilia siku ile, na hakukanyaga tena nyumba ya wifi yake hadi alipofariki yeye mwenyewe.

Mtu angetegemea kijiji kimheshimu mwenyekiti asiyependelea damu yake. Haikuwa hivyo. Aliyekuwa wa kwanza kusema ni Saturnino, ambaye maji yake ndiyo yaliyookolewa: “Anayemkausha ndugu yake, sisi wengine atatufanya nini?” Watu wakalikariri neno lile kama sala. Wakamwita Kufuli. Kuku wake tisa walikufa kwa sumu kwa siku moja. Kunguru aliyekufa alitundikwa mlangoni pake, na aliyemtundika hakukosa kuja kanisani leo.

Jumatatu tarehe 2 Aprili 1990 Obdulia alipiga kengele ya msaragambo. Hakuja mtu hata mmoja. Alingoja saa nzima, akaliandika hilo kitabuni, nyumba ishirini na sita, akabeba koleo lake akapanda chemchemini peke yake.

Nyumba ya Eutimio inatazama mfereji. Alimwona dada yake kila siku, akishuka polepole mita kwa mita, akitupa matope upande wa kulia na mawe upande wa kushoto kama baba yao alivyowafundisha. Waliopita walimtania. “Kufuli, umefungua au umefunga?” Yeye aliendelea kuchota matope. Alhamisi Kuu mvua ikanyesha, na Eutimio akamwona ameketi kwenye matope, anajifunga viganja kwa vipande vya kitambaa chake cha kichwani. Alichukua koleo lake nyuma ya mlango. Akafika hadi kwenye lango la ua. Hapo akakumbuka ng'ombe wake wanne, akarudi ndani, akaliegemeza koleo ukutani. Hili hakuwahi kumwambia mtu, hata Amparo.

Marehemu alimaliza Jumamosi tarehe 21 Aprili. Maji yaliingia katika kila bustani ya Tolivar, pamoja na ya Eutimio, na banio lake lilikuwa wazi. Eutimio alinyweshea maharagwe yake maji hayo, na hakutoa asante. Wala hakuna aliyetoa.

Marehemu aliondolewa uenyekiti tarehe 25 Mei 2003 kwa kura kumi na nne dhidi ya tisa. Alikabidhi kitabu na funguo, akasema sentensi moja: “Mfereji una ufa pale chini ya mwamba mweupe, uzibeni kabla ya baridi.” Haukuzibwa. Mwaka 2011 ulipasuka pale pale alipopataja, na bustani za chini leo ni miiba mitupu. Siku hizi msaragambo hakuna, zamu hakuna, ugomvi wa maji hakuna. Maji yenyewe hakuna.

Mwaka 2014 madaktari walimkuta na maradhi ya moyo. Alilazwa mjini León mara tatu, na Visitación alikuja kutoka Gijón kila baada ya wiki mbili kumuuguza, hadi Septemba mwaka huu 2016 alipoomba arudishwe nyumbani.

Jumapili tarehe 30 Oktoba, baada ya miaka ishirini na saba, Eutimio alivuka njia. Ni hatua themanini. Alisimama mlangoni pa chumba, kofia mkononi.

“Umekuja kuomba msamaha?” marehemu akauliza kutoka kitandani.

“Hapana. Wewe je, utaomba?”

“Hapana.”

“Haya.”

“Basi kaa, unaingiza baridi.”

Alikaa. Visitación akamletea supu. Alipofika nusu ya bakuli, Eutimio akauliza lile alilolibeba miaka yote: “Ingekuwa leo, mimi yule yule, na majani yale yale. Ungefunga?”

“Ningefunga,” alisema. Akavuta pumzi mara mbili tatu, maana pumzi ilikuwa haba. “Kisha ningeenda nyuma ya zizi nikatapike, kama siku ile.”

Eutimio hakuwa amejua habari ya kutapika. Akasema supu haina chumvi.

“Ni ya mgonjwa. Hukualikwa,” dada yake akasema. Na baadaye: “Wasifu utauandika wewe. Usinisifu, watacheka. Tarehe uziandike sawasawa.”

Eutimio aliondoka bila kumshika mkono, akijiambia kwamba atarudi Jumapili ijayo. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 3 Novemba 2016, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane.

Ameacha binti mmoja, Visitación, mkwe mmoja, wajukuu wawili, Noelia na Darío, mpwa mmoja, Herminio, aliyezaliwa Desemba ya mwaka ule wa ukame, na mdogo wake Eutimio. Ameacha pia mahasimu wengi, na baadhi yao wamebeba jeneza lake. Mzee Saturnino Prado yupo, ameketi pale. Hakuombwa aseme neno, na hatasema.

Eutimio hajamsamehe dada yake kwa ng'ombe wale. Anachoomba ni yeye asamehewe kwa lile koleo.

Mungu ampe Obdulia pumziko ambalo sisi wa Tolivar hatukumpa.