Taa Mbili za Rubani

Benchi la kwa Sukari, pembeni mwa kibanda chake cha kuchomelea masufuria mjini Ouahigouya, lina miguu mitatu ya chuma na mmoja wa tofali, na kila jua likianza kulegea halikosi wenyewe. Chai ya kijani huchemka kwenye birika dogo juu ya mkaa, na sheria ya hapo ni moja: vikombe vitatu, cha kwanza kichungu, cha pili cha wastani, cha tatu kitamu, na anayeondoka kabla ya cha tatu atasengenywa mpaka arudi. Siku hiyo vumbi la Harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limetanda tangu asubuhi. Nyumba za mbali zilikuwa zimefifia, punda walitokea na kutoweka barabarani bila sauti, na mji mzima ulikuwa kama kitu ambacho mtu anajaribu kukikumbuka. Mbele ya benchi ilisimama pikipiki nyekundu, kiti kimefunguliwa, nyaya nje, na juu ya bomba lake la mbele taa mbili mpya.

Pikipiki ilikuwa ya Noaga, ambaye kijiweni hakuna anayemwita hivyo. Ni Rubani, kwa sababu ya miwani yake mikubwa ya upepo aliyoivaa tangu ujana. Zile taa alikuwa akizifunga mwenyewe nyumbani kwake wiki nzima, na leo alikuwa amezileta zijaribiwe mbele ya mashahidi. Kesho jioni, shule ikifungwa, alikuwa amepanga kumpakia mjukuu wake Poko nyuma na kumpeleka kijijini ng'ambo ya bwawa, akamwone mama mzaa babu, bikizee ambaye bado hajamshika mtoto huyo mkono. Barabara ya huko ni ya vumbi na mashimo, na siku hizi, alisema Rubani, imeingia giza.

Aliyekaa karibu naye, bisibisi mkononi, alikuwa Toé. Yeye wote humwita Mtani, maana ni Msamo wa Tougan, na Wasamo na Wamosi ni watani tangu enzi ambazo hakuna wa kuzihesabu. Toé ana ruhusa ya kumtukana Rubani mbele ya wakwe zake, msibani, sokoni, popote, na Rubani, Mmosi kamili, haruhusiwi kununa. Ndiyo maana jambo lililoshindikana kusemwa nyumbani hupelekwa kwa mtani, alitoe kwa kicheko, limezwe. Na jambo lilikuwepo. Macho ya Rubani yalikuwa yanakwisha. Toé alilijua hilo tangu siku ya ubatizo kwa jirani, alipomwona rafiki yake akisalimia mtungi wa maji uliofunikwa khanga, akiuulizia hali ya watoto. Sukari alijua. Hata mzee Waziri alijua. Wote walikuwa wakimsubiri Toé aseme, na Toé, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, aliona mdomo umekuwa mzito kama jiwe la kusagia.

– Washa, Mtani, alisema Rubani.

Toé akabonyeza swichi kwenye usukani. Rilei, kile kidude kinachopitisha umeme wa taa, ikalia tik, na ukuta wa ng'ambo ya uchochoro ukawa mweupe pe. Toé mwenyewe akafumba jicho moja.

– Umewasha?

– Nimewasha.

– Washa vizuri basi!

– Imewaka, bwana. Kuwaka kuna vizuri na vibaya?

Rubani akainamisha kichwa, akautazama ukuta kwa muda mrefu.

– Mnaona wenyewe, alisema kwa huzuni. Koroboi ina nafuu. Na waya nimeweka nene, moja kwa moja kutoka kwenye betri. Fyuzi ipo. Rilei ipo. Waya wa hasi nimeufunga kwenye chuma cha fremu, na rangi nimeikwangua yote mpaka chuma kikang'aa. Sasa niambieni, mwanga wangu unapotelea wapi?

Sukari akamimina chai ya kwanza kutoka juu, povu likajaa vikombe. Alimwekea Rubani chake mbele. Mkono wa Rubani ukaenda kando ya kikombe, ukashika hewa, na Sukari, bila kusema neno, akakisogeza kikombe mpaka kikakutana na vidole. Toé aliliona hilo, akainamia bisibisi yake.

– Betri, alisema Waziri. Mzee huyu aliwahi kuwa mlinzi wa kituo cha redio, na tangu hapo huongea kana kwamba taifa zima linasikiliza. Betri imechoka.

– Betri mpya, Waziri. Nimeinunua kwa ajili ya hizi taa.

– Basi siyo betri. Waziri hakutetereka. Ni vumbi. Mwanga una uzito wake, jamani, ila ni mwepesi kuliko vumbi. Harmatani ikivuma, vumbi linaubeba mgongoni. Mwanga wako sasa hivi, Rubani, uko njiani kwenda baharini. Keshokutwa utafika pwani, na watu wa huko wataukanyaga asubuhi wakidhani ni jua lao.

– Acha hizo, mzee, alisema Sukari. Vumbi lilikuwepo tangu mababu na taa zilikuwa zinamulika. Tatizo ni sola. Kila paa sasa lina sola, na sola kazi yake ni kunywa. Inakunywa mchana kutwa, haishibi. Mwanga mwingine utoke wapi? Zamani mimi nilikuwa naokota sindano kwa mbalamwezi. Leo hata mbalamwezi yenyewe inaazima.

– Kweli kabisa, alisema Rubani taratibu, na sauti yake ikapata matumaini. Hata mbalamwezi nimeiona imepungua. Nilidhani ni mimi tu.

Toé akaona zamu imefika, akajikohoza.

– Wamosi bwana! Mtu akikosa pa kuweka akili, anaweka taa.

Walicheka. Rubani alicheka kuliko wote, akampiga Toé gotini, akamrudishia tusi wanalotupiwa Wasamo wote.

– Mla vichwa vya mbwa wewe! Ungekuwa na pikipiki ungeifunga kengele ya mbuzi.

– Na bado ungenikimbia.

Kicheko kikatulia. Rubani akashika kikombe kwa mikono miwili na kuanza kusema kama mtu anayeongea na chai yenyewe.

– Marehemu baba alikuwa na baiskeli yenye dinamo. Mnazikumbuka? Ukikanyaga kwa nguvu taa inang'aa, ukipunguza inafifia, ukisimama, giza. Mimi nilikuwa nakaa mbele, kwenye bomba. Nilikuwa naamini baba anautoa ule mwanga miguuni mwake. Nikiona taa inafifia namwambia, baba, umechoka? Anasema, sijachoka mwanangu, halafu anakanyaga, na barabara yote inafunguka, naona mpaka macho ya sungura. Ndiyo nilitaka Poko aone hivyo kesho. Akae nyuma yangu aone barabara inafunguka.

Upepo ulipita na vumbi lake. Sukari alikuwa anachochea mkaa, lakini kichwa chake kilikuwa kimeelekea kwa Toé. Akasogea, akajifanya anatafuta sukari chini ya benchi, akanong'ona:

– Sema wewe. Ukisema wewe ni utani. Nikisema mimi ni kumwaibisha mtu mzima.

– Najua.

– Kesho anambeba mtoto, Mtani!

– Nimesema najua.

Alijua vizuri sana. Usiku kucha alikuwa ameliandaa, tusi refu lenye nyanya na shangazi ndani yake, tusi ambalo Rubani angelicheka mpaka alie, kisha akamkabidhi funguo. Akavuta pumzi.

– Rubani.

– Naam, mtumwa wangu.

– Unajua kwa nini huoni kitu?

Rubani akamgeukia, uso wazi kabisa, kama mtoto anayesubiri kuelezwa fumbo. Na Toé akaishiwa.

– Tumbo lako hilo, alisema. Linaziba taa zote mbili.

Walicheka tena, ila kicheko chembamba. Toé aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Utani wote ule, miaka yote ile ya kutukanana, na leo ulipohitajika alikuwa ameutumia kukimbilia.

Chai ya pili ikazunguka. Waziri, aliyeona kimya kimezidi, akajitwika mzigo wa kukivunja.

– Mimi nimefikiri upya, alitangaza. Mwanga haupotei. Unakusanyika. Mwanga wote uliopungua, wa mwezi, wa koroboi, wa hizi taa zako, uko mahali fulani umejazana kama nafaka ghalani. Siku moja utarudi kwa mpigo. Majogoo yatawika mpaka yapoteze sauti, watu watasoma gazeti ndani ya visima.

– Utarudi wote? aliuliza Rubani.

– Wote.

– Kabla ya kesho jioni?

Waziri akafungua mdomo. Redio yake yote ikazimika. Akachukua kikombe kilichokuwa tupu na kukinywa.

Hapo ndipo alipotokea kwenye vumbi mwanamke wa Kifulani, muuza maziwa, kibuyu kichwani, mgeni ambaye benchi hilo halikumjua. Alikuwa akipita uchochoroni, na alipoingia kwenye mwanga wa zile taa akasimama ghafla, akajifunika macho kwa kiganja.

– Salama, wazee?

– Salama, mama, walijibu.

– Uwii, taa gani hizi! Zimenichoma macho, naona kijani kitupu. Na jua lenyewe bado lipo. Mmepoteza nini?

Sukari alitazama mkaa. Waziri alitazama viatu vyake. Mwanamke alisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akaona labda ni msiba na wazee hawataki kusema, akawaombea heri na kuendelea na njia yake. Rubani akanyanyuka, akapapasa bomba la mbele mpaka akaipata taa moja, akaweka kiganja juu ya kioo chake. Moto wake ulimfanya arudishe mkono.

– Mtani, alisema.

– Naam.

– Mwezi mzima sasa unanitukana. Umetukana kichwa changu. Umetukana tumbo. Umemtukana babu yangu na punda wake. Macho yangu hujayagusa.

Toé akaizungusha bisibisi mkononi.

– Msamo gani wewe, unaacha pigo la bure namna hiyo? Nitukane basi.

Toé akasimama. Tusi la usiku lilikuwa limetawanyika, nyanya na shangazi hawakuonekana, akabaki na alichokuwa nacho.

– Kipofu wewe, alisema, na machozi yakamwanza hapo hapo. Kipofu mkubwa! Unasalimia mitungi. Kesho utakaa nyuma, mtoto katikati, na mimi Msamo ndiye nitakayewaendesha. Na ukithubutu kunielekeza njia, nawaambia hawa wasikie, nakutupa bwawani.

Halafu mabega ya Rubani yakaanza kutikisika, na hawakujua ni kicheko au ni kilio, mpaka alipoitoa ile miwani ya upepo shingoni na kuinyoosha mbele, hewani tu, ichukuliwe.

– Utatuangusha, alisema. Huna hata nidhamu ya kona.

– Nitawaangusha taratibu.

– Mama yangu akiuliza?

– Nitamwambia mwanao amepandishwa cheo, ana dereva.

Rubani akapangusa uso kwa upindo wa kanzu. Sukari akawahi kumimina cha tatu, kile kitamu, na kwa mara ya kwanza akamwekea Rubani kikombe mkononi waziwazi, bila kuficha.

– Na taa zangu? Rubani aliuliza polepole. Semeni kweli.

– Kali, alisema Toé. Kali mno. Mji huu wote hauna taa kama hizo. Umezifunga vizuri, Noaga.

Rubani akatabasamu, tabasamu pana la mtu aliyesifiwa kazi ya mikono yake. Alilielekeza kidogo pembeni, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Toé akasogea hatua moja, akasimama pale lilipoelekea.