Nzuri, Ila

Benchi letu liko chini ya ngazi za saluni ya Coletha, katikati ya Durban, pale teksi zinapopiga honi kutwa nzima. Coletha ni Mtanzania, mtu wa Bukoba, na hapiti asubuhi bila kutusalimia. Leo kaka yake amepiga simu dukani kwa Machano kuuliza kama dada amepata nafuu, maana mama yao alizikwa wiki iliyopita. Wiki nzima! Na sisi tupo hapahapa tunakunywa kahawa kama mabwege. Machano, tunayemwita Waziri kwa kupenda kutoa matamko, alitufikia amefura.

WAZIRI: Ametudharau! Unafiwa na mama, unapanda juu kusuka watu nywele? Ametunyima matanga, wallahi.

Baudouin, Mkongo anayelinda magari karibu na taa za barabarani, ambazo huku huitwa robot, tunamwita Robot. Naye aliwaka.

ROBOT: C'est pas normal! Hii si kawaida! Mi namusalimia kila siku. Habari ya kwenu? Muzuri. Muzuri gani, na mama iko kwa kaburi?

Njoroge wetu ni mwanafunzi wa chuo, kwa hiyo ni Dakta.

DAKTA: Hiyo ni stress, bana. Ukiifungia ndani inashuka kwa magoti. Hamjaona vile anapanda ngazi siku hizi?

WAZIRI: Magoti gani! Ni zile dawa za nywele. Zinakausha machozi.

ROBOT: Hapana, ni maji ya bomba ya huku. Tangu nifike, mi pia sijalia.

WAZIRI: Hata siku ile walipokupiga kwa kuwa mgeni?

ROBOT: Hata ile.

DAKTA: Eish. Basi serikali inaweka kitu kwa maji, ipate wageni wasiolalamika.

WAZIRI: Hapo sawa! Sasa kosa letu nini? Tumemuuliza, kasema nzuri.

Ndipo msichana akashuka kutoka saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Akajitaja kuwa Joyline.

JOYLINE: Naomba kahawa ya Coletha. Ameshindwa kusuka, analia.

WAZIRI: Amekwambia wewe? Mgeni?

JOYLINE: Nilimuuliza habari za nyumbani. Akasema, "Nzuri, ila..." Nikangoja. Kwani nyinyi hakuwaambia hiyo "ila"?

ROBOT: Alisema. Kila siku. Mi nilikuwa nimeshajibu "sharp", sawasawa.

JOYLINE: Na nani alingoja amalize?

Joyline alichukua birika letu zima la kahawa akapanda nalo, na hakuna aliyethubutu kumzuia.