Mto Uko Ukutani

Sogeeni wanangu, na wewe kifungua mimba zima hiyo simu. Dereva wako amesubiri tangu alfajiri na atasubiri tena, maana masikio yangu hayajafa, nimelisikia lori likirudi kinyumenyume hadi ukingoni kabla hamjaingia hata kunisalimia. Mnangoja nife mchote mchanga. Basi kaeni chini, sifi kwa haraka yenu.

Mnaziona kuta hizi? Mlipomaliza kunijengea mlisema, "Mama, sasa na wewe unalala kama mtu." Nikaupapasa ukuta, nikakuta mchanga wa mto, ule ule niliokuwa nikiufukua kwa kata huku wewe unalia mgongoni, maji yakichuruzika kidogo kidogo kama yanaona haya, nami nangoja yajae nikunyweshe wewe kwanza. Marehemu baba yenu alikuwa akiniambia, "Mke wangu, mchanga ule ndio blanketi la maji, usimruhusu mtu alifunue." Mmelifunua, mkaliuza, na lililobaki mmelichanganya na saruji. Mto uko ukutani sasa. Haya, ulambeni.

Yule mama wa maji, mtaalamu aliyetumwa kutufundisha kuutunza mto, alipokuja na kipaza sauti chake akatuwekea makarai mawili juani, moja la maji matupu, moja la mchanga ulioshiba maji, akasema tungojee tujionee. Tulipokutana tena la kwanza lilikuwa kavu kauu, la pili ukichimba kwa kidole linatoa maji. Ndipo wewe kitinda mimba ukasimama mbele ya watu: "Dada, kumbe wewe ni mpishi wa mchanga! Pakua basi tule!" Watu wakacheka hadi wakajishika mbavu. Mke wa kaka yako peke yake hakucheka. Akawakusanya wanawake wenzake, wakapanga mawe toka ukingo huu hadi ule, mikono ikichubuka, ili mvua ikija mchanga ubaki, nanyi mkayabomoa mpate njia ya lori. Na wewe kifungua mimba, mumewe, ulimwambia nini? Nilisimama pale na fimbo yangu, nilikusikia. "Kama unaupenda mto, kaolewe nao." Ukamtupia nguo zake nje.

Basi kaolewa. Kipande kile cha mwisho, pale chini ya shamba langu ambapo mchanga bado haujaguswa na maji bado yapo, nimempa yeye. Usinikodolee macho. Shamba la ukingoni na njia ya kushukia mtoni, vyote vyake, wazee wameshuhudia na mama wa maji ameshuhudia. Saa hii yuko pale na wenzake wameketi mbele ya matairi. Mwambie dereva wako awasogeze, tuone.

Ninyi nawaachia nyumba. Nzuri, inang'aa. Bomba ndilo halitoi kitu.

Kitinda mimba, unalilia nini, mimi au mchanga? Nilikunyonyesha mpaka ukaota meno, ukaning'ata na sikukuachisha. Nilikupenda kuliko wote, wenzako wanajua. Na bado sikupi hata konzi ya mchanga.

Ngojeni… nivute pumzi. Hapana, ondoa hiyo chupa ya dukani, sinywi. Nikikata roho, maji ya kunioshea yatoke mtoni kwake. Mtakwenda wenyewe, si kutuma mtu, mtavua viatu, mtamwomba kwa adabu. Akiwapa, nioshwe. Akiwanyima, nizikeni na vumbi langu, na asiwepo wa kumlaumu.

Leteni vichwa niwashike. Mungu awape umri… umri mrefu, mrefu kuliko wangu. Muamke kila siku na kiu, mshike ndoo, mpige hodi kwake. Mzeeke mkipiga hodi. Na yeye Mungu amlainishe moyo… akipenda.

Nendeni. Nendeni sasa hivi, mniletee kikombe kimoja, midomo imekauka… Mwambieni ni cha mama. Msiseme… msiseme ni chenu, hatatoa.