Ubao wa Mwisho wa Jawaher

Assalaam aleikum wasikilizaji wapendwa, mlioko hapa Maskati na mlioko mbali. Punguzeni moto jikoni, mkae nami kidogo. Leo tunamkumbuka Jawaher binti Sleyum, aliyekuwa akichonga milima na pwani zetu juu ya mbao, kwa ufundi wa Kijapani. Ametutoka wiki iliyopita. Allah amrehemu.

Kazi hii Jawaher alijifunza huko huko Japani. Mumewe, Bwana Humam, alipelekwa kikazi, naye akafuatana naye. Jirani yao alikuwa mchongaji, Jawaher akamwomba amfundishe. Mchoro unachongwa juu ya ubao. Ubao unapakwa rangi. Karatasi yenye unyevu inalazwa juu yake, inasuguliwa kwa mkono, picha inatoka. Kila rangi ina ubao wake, na rangi yenyewe inachanganywa na uji mzito wa mchele.

Mama yake, Bi Afra wa Sidab, alipouona uji ule alimwambia, "Mwanangu, umekwenda Japani yote ile kujifunza kupika uji?"

"Huu haunywewi, mama."

"Basi watu hao wameshiba."

Karatasi ikikauka, kazi imeharibika. Kwa hivyo Jawaher alikuwa akizima eisii, maana ubaridi wake unakausha hewa, hata mwezi wa saba wa joto kali, na Bwana Humam akenda kukaa ndani ya gari. Akisema, "Mke wangu ananipika kwa mvuke."

Sasa nisikilizeni hapa, wasikilizaji wapendwa. Ubao unachongwa kinyume. Kilichoko kulia unakichonga kushoto, ili kwenye karatasi kirudi kulia. Jawaher alikosea mara moja tu. Aliichonga Qantab, kijiji cha wavuvi, bila kuigeuza, na picha ilipotoka, msikiti ulikuwa umehamia upande wa pili wa ufuo. Aliichukua vilevile akawaoneshe wavuvi wa kule. Mmoja wao, Mzee Muslim, akaitazama sana.

"Bi Jawaher," akamwuliza, "na qibla umetupangia upya?"

"Niwieni radhi, mzee wangu. Ntaurudisha msikiti kwao."

Akachonga upya. Tangu siku hiyo, kila mchoro aliuangalia kwanza kwenye kioo. Binti yake, Shurooq, ananiambia, "Mama hakukosea tena."

Lakini alikuwa na deni la moyoni. Alitaka kumpa mama yake picha ya kijiji chao, Sidab, kama inavyoonekana mtu akitoka mlangoni kwao. Bi Afra macho yake yalikuwa yakififia kwa presha ya macho. Na Jawaher mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alimwambia Shurooq, "Sijui kipi kitatangulia, macho ya mama au mkono wangu."

Macho yalitangulia. Bi Afra akawa haoni kabisa. Watu wakamwambia Jawaher apumzike, picha sasa ya nani?  Yeye aliendelea kuchonga kitandani, ubao ameuweka juu ya mto. Alipofariki, ubao ulikuwa umekwisha, safi, haujaguswa na rangi.

Siku ya mwisho ya azaa, yaani matanga, wageni waliposhaondoka, Shurooq aliupaka wino mweusi, akalaza karatasi, akasugua. Sidab ikatoka kinyume. Mlima upande ambao hauna mlima. Shurooq akakaa chini akalia.

"Nilidhani maradhi yalishamchukua akili," ananiambia. "Nilidhani alikuwa amepotea peke yake, na sisi tumekaa naye tunazungumza, hatujui."

Bi Afra akauliza mjukuu wake analilia nini. Akaelezwa. Akasema, "Nipeni huo ubao."

"Una wino, bibi."

"Wino unakoshwa."

Wakamwekea mapajani. Akapitisha vidole, polepole. "Huu mlango wangu. Hizi ngazi. Hii hapa ndiyo iliyomeguka, kaiweka na yeye. Nkitoka, mlima nnao mkono wa kulia." Vidole vikaenda kulia. Mlima ulikuwapo.

 Akasema, "Shurooq, mamako hakukosea. Hii si ya karatasi. Kanichongea mimi."

Bwana Humam alitaka kuutundika barazani. Bi Afra akamwambia, "Ukutani ntaufikia vipi?" Sasa uko kitandani kwake, ubavuni mwa mto.

Bi Afra, Bwana Humam, nawe Shurooq, sote tunakupeni mkono wa pole kwa kuondokewa na Jawaher binti Sleyum. Mola amlaze pema, akupeni subira.

Na sisi, wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Tunaowapenda tunawapa vitu kwa namna wanayoweza kuvipokea, au kwa namna tuliyoizoea sisi? Msinijibu mimi. Mwangalie uliyekaa naye hapo.

Wino ule, Shurooq anasema, bado umo kwenye kucha za bibi yake. Alitaka kuzisugua kwa ndimu. Bi Afra akaurudisha mkono wake. "Wacha," akamwambia. "Utatoka wenyewe."